Bi Chenga na Ukuta Ulioshika

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, nisimame hapa nisome maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Chenga, na kabla sijaanza naomba mniwie radhi kwamba sitaweza kukunja uso tangu mwanzo mpaka mwisho, maana dada mwenyewe aliondoka akiwa ameutua mzigo wake mkubwa, nasi tuliokuwa tukiuona mzigo huo mgongoni mwake miaka yote tumepata pumzi pamoja naye.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba fundi saa na mama aliyekuwa akishona nguo za watoto kwa cherehani ya mkono, na mama alisimulia hadi uzeeni kwamba kitu cha kwanza ambacho mtoto yule alikitolea macho hakikuwa uso wa mzazi bali kioo cha saa ya mezani kilichokuwa kikimulikwa na jua, jambo ambalo baba alilipokea kwa fahari na mama kwa wivu kidogo. Alipoanza kutembea alianza pia kuokota, akitoka dukani anarudi na vipande vya chupa kwenye pindo la gauni, mama akachoka kushona mapindo yaliyochanika, akamchapa, naye akaacha kuvitia kwenye pindo akaanza kuvificha ndani ya kiatu, na hivyo akajua mapema kuliko sisi wote kwamba kioo kinakata.

Alianza shule ya msingi pale pale karibu na stesheni mwaka 1965, akamaliza 1971 akiwa na alama nzuri za hesabu na mbaya za tabia, akaendelea na sekondari kwa miaka miwili, lakini mwaka 1973 macho ya baba yakaanza kufifia, kazi ya saa ikasimama, na dada akavua sare bila kuambiwa na mtu, akakaa kando ya cherehani ya mama akikata vitambaa vya vishati na vigauni vidogo, kazi ambayo wakati ule aliilalamikia kila siku na ambayo baadaye mtaona ilimfaa.

Tarehe 6 Januari 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha soda, kitengo cha kukagua chupa, ambako aliketi kwenye kigoda kirefu mbele ya ubao mweupe wenye taa nyuma yake, chupa zikipita mbele ya macho yake kwa foleni, naye akizitoa zenye ufa kabla hazijajazwa, na wenzake aliokaa nao benchi moja, ambao baadhi yao ninawaona hapa mbele, wanasema hakupitwa na ufa hata mwembamba kama unywele, isipokuwa siku alipokuwa na hasira, ambapo alizitoa hata chupa nzima. Msimamizi alimruhusu kuchukua zilizovunjika, akifikiri anakwenda kuzitupa, kumbe anazikusanya nyumbani kwenye ndoo, za kahawia peke yake, za kijani peke yake, zisizo na rangi peke yake, na zile za bluu za dawa, zilizokuwa adimu, kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda.

Ndoa yake ilitokana na kioo vilevile. Ng'ambo ya barabara ya kiwanda palikuwa na gereji ya fundi wa kunyoosha bodi za magari, na dada aligundua kwamba kioo cha dirisha la ubavuni la gari kikivunjika hakitoi vipande virefu vyenye ncha, kinasambaratika na kuwa punje nene zisizo na makali, basi akawa anavuka barabara kila jioni kuuliza kama kuna gari lililogongwa, na fundi yule, ambaye ndiye shemeji yetu aliyeketi pale, akaamini kabisa kwamba amependwa. Alianza kuoga kabla ya saa za kufunga kiwanda, akaanza na kupaka mafuta nywele, na ilimchukua muda kutambua kwamba binti yule anaangalia milango ya magari kuliko anavyomwangalia yeye, lakini hakukata tamaa, akaja kwa wazazi wetu na washenga wake na mkononi ameshika mfuko wa vipande vya bluu alivyovitafuta mji mzima, na dada akatoka chumbani kabla hajaitwa. Walifunga ndoa tarehe 19 Septemba 1981, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1982, ambaye leo ni mwalimu, na mvulana aliyezaliwa 1986, ambaye ni dereva wa malori, na wote wawili wamekua wakijua kwamba nyumbani kwao hakuna kutembea peku.

Kiwanda kilipohamia chupa za plastiki, mwezi Juni 1991, dada na wenzake wengi walipunguzwa, na wakati wengine wakilia getini yeye aliomba apewe shehena ya mwisho ya chupa mbovu, akafungua karakana kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Kwa kuwa mmekuwa mkiuliza kazi ile ilikuwa ikifanywaje, nitasema kwa kifupi, na nikikosea mahali shemeji atanikoholea. Chupa ililowekwa mpaka karatasi yake itoke, ikafungwa ndani ya gunia lenye unyevu ili vumbi lisiruke, ikapigwa kwa nyundo huku mwenyewe amevaa miwani, glavu za ngozi na barakoa, kisha vipande vikachekechwa mara tatu, vikatoka kokoto, chenga na unga. Hizo chenga ndizo zilizompa jina, kwa sababu mgeni mmoja aliziona zimeanikwa kwenye ungo akadhani ni za mchele, akauliza zinauzwaje. Kokoto zilizungushwa ndani ya pipa lenye mchanga na maji mpaka kingo zake zikawa butu, na zikikauka zilikuwa zimefifia, hazing'ai, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, ndiyo maana mteja alipokuja kuchagua rangi dada alipaka mafuta kidogo kwenye kipande cha mfano, kikang'aa, mteja akaona kitakavyokuwa. Kipande hicho cha mfano hakibandikwi kamwe, kila mtu wa kazi hii anajua, maana gundi haishiki penye mafuta.

Dada alilijua hilo, na bado mwaka 1993 akalikosea. Shule moja ya msingi ilimpa kazi yake ya kwanza ya ukuta, jogoo mkubwa upande wa mbele wa jengo jipya, na mwalimu mkuu, mama mmoja mchangamfu asiyekubali jambo nusu nusu, alishika kipande cha mfano akasema, "Mimi namtaka jogoo ang'ae hivi hivi, asipungue hata kidogo." Dada alikuwa na hamu ya kumpendeza, akavipaka mafuta vipande vyote vya jogoo, akajiambia kwamba ataongeza gundi, akabandika, na jogoo akatoka anametameta hata wapita njia wakawa wanasimama. Siku ya ufunguzi jua lilikuwa kali, ukuta ukapata joto, mafuta yakaanza kujitoa, na katikati ya hotuba ya mgeni wa heshima kilianza kudondoka kilemba cha jogoo, halafu shingo, halafu mkia, unyoya kwa unyoya, watoto wakicheka na mgeni akiendelea kusoma kwa kuwa alikuwa ameupa ukuta mgongo.

Kicheko kile kiliisha ghafla, maana mtoto wa darasa la pili, aliyekuwa amevua viatu vyake vipya ili visichafuke, alikimbia kuokota jicho la jogoo akakanyaga vipande, akakatika unyayo. Dada alimbeba mgongoni mpaka zahanati, akamshika mkono wakati anashonwa, akawa anakwenda kwao kila wiki kumwona mpaka jeraha lilipofunga, na wazazi wa yule mtoto walimsamehe mapema sana, wakampa hata chai, lakini yeye mwenyewe hakujisamehe. Mtaani aliitwa Mama Jogoo Kanyonyoka, naye sokoni alicheka pamoja na waliomwita, ila akifika nyumbani alikaa karakanani na kutazama mikono yake. Kuanzia siku ile aliogopa jambo moja tu maishani, kwamba kioo alichokibandika yeye kitadondoka tena na kumkata mtoto mwingine, na kwa miaka sita alitengeneza trei, meza ndogo na fremu za vioo vya kujitazamia, lakini ukuta hakuugusa.

Mwanzoni mwa mwaka 1999 muuguzi mkuu wa hospitali ya mtaa wetu alikuja nyumbani kumwomba apambe korido inayoelekea wodi ya watoto, akisema watoto wanaanza kulia wakifika pale hata kabla hawajaiona sindano, kwa sababu ukuta ule mrefu mweupe unawatisha. Dada alikataa, muuguzi akarudi, akakataa tena, muuguzi akarudi mara ya tatu akiwa na mwanawe mdogo mkononi, akaketi kwenye kizingiti cha karakana akasema, "Bi mkubwa, mimi siondoki, na huyu akilia utambembeleza wewe." Dada alimtazama mtoto, akatazama ndoo zake, akasema atafanya, lakini kwa masharti yake.

Hakuna aliyewahi kuona kazi ikifanywa kwa woga na umakini namna ile. Alibandika karatasi ya nailoni ukutani kwa utepe pande zote, akaiacha mpaka kesho yake, akakuta ndani yake jasho, maana yake ukuta una unyevu, akakataa kuanza mpaka fundi bomba akatafuta mahali panapovuja na ukuta ukakauka msimu mzima. Kioo chote alikiosha kwa sabuni, akakisuuza, akakisuuza kwa siki, akakianika, na baada ya hapo hakuna mkono mtupu ulioruhusiwa kukigusa, hasa mkono wa shemeji yetu wenye grisi za gereji, ambaye mpaka leo anasema alinawa zaidi miezi ile kuliko siku ya harusi yake.

Alichokichora ni kamba ya nguo za watoto zilizoanikwa, zikipepea kutoka mlango wa kwanza wa korido mpaka mlango wa wodi, vishati, vigauni, taulo na soksi, mapindo na kola zikiwa mahali pake sawasawa kama alivyokuwa akizikata kando ya cherehani ya mama. Kwa kuwa kioo hupitisha rangi ya kilicho nyuma yake, alipaka kwanza rangi ukutani, nyeupe penye mwanga na kijivu penye kivuli cha mikunjo, kisha akabandika chenga juu yake, taulo akalitengeneza kwa punje nene za madirisha ya magari, kigauni kimoja kwa zile bluu za kopo la maziwa alizokuwa amezitunza tangu usichana, na soksi za mwisho, nyeupe na ndogo kabisa, kwa unga aliounyunyiza juu ya gundi kwa chujio la chai, akaukandamiza kwa kibao kilichovishwa nailoni, akaacha ushike, ndipo akafagia uliobaki kwa brashi laini. Mwisho alijaza mianya kati ya vipande kwa saruji ya vigae na kufuta kwa sponji kabla haijakauka, na hakupaka hata tone la kung'arisha. Korido ilifunguliwa Jumamosi, tarehe 4 Desemba 1999, na inasemekana mtoto wa kwanza kupita alinyamaza, akalinyooshea kidole shati la tatu, akasema, "Lile langu."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi asubuhi, dada alikwenda pale, akaweka kiganja kwenye shati la kwanza, akakipitisha polepole juu ya nguo zote mpaka soksi ya mwisho, kisha akakitazama kiganja, akainama akatazama sakafu. Walinzi walimzoea, wauguzi walimpigia salamu kwa mbali, na watoto waliolazwa waliamini kwamba ni mama anayekuja kuzipiga pasi. Hakikudondoka kitu wiki ile, wala mwaka ule, wala miaka kumi, wala ishirini, na bado kila Ijumaa usiku usingizi ulimpaa, tukamwambia imetosha, akasema jogoo naye alionekana ameshika.

Mwaka 2019 alianza kuvimba miguu, akapimwa, ikaonekana figo zake zimechoka, na hapa familia inapenda kuwatoa wasiwasi wale walionong'ona kwamba ni vumbi la vioo limemwingia, daktari alipiga picha ya kifua akatuambia mapafu yale ni safi kuliko ya wengi wetu, gunia lenye unyevu na barakoa vilifanya kazi yake, na mtu mwenye shaka amwone mwana wa dada aonyeshwe ile picha. Alianza kusafishwa damu hospitali ile ile, na alipokosa nguvu ya kutembea korido nzima, shemeji alichukua zamu ya Jumamosi, ananawa kwa sabuni, anapitisha kiganja chake ukutani, anarudi, na akifika mlangoni, hata kabla ya kusalimia, anakifungua kiganja amwonyeshe kwamba ni kitupu. Dada alikuwa akishukuru, halafu akigeukia upande wa ukuta, na siku moja alimwambia binti yake, "Baba yako ananipenda sana, akikuta kimedondoka hataniambia, yule hata mwenye gari lisilotengenezeka humwambia litapona." Huo ndio uliokuwa mzigo wake, mama zangu na baba zangu, kwamba kila aliyempelekea habari njema alikuwa mtu anayempenda, na maneno ya mtu anayekupenda hayatoshi ukiwa na woga wa namna ile.

Mwezi Julai mwaka huu wa 2024 alilazwa, na asubuhi moja nikiwa kando ya kitanda chake tukasikia nyundo upande wa korido, nyundo ya kugonga patasi, dada aliufahamu mlio wake mara moja, akajaribu kuinuka, akashindwa, akanishika mkono akasema, "Kimbia, kuna watoto pale." Nilikuta mlango wa wodi unataka kupanuliwa ili vitanda vipite, na mwashi mmoja, bwana mwenye mwili mkubwa na hasira za karibu, amepiga magoti mbele ya soksi ya mwisho akitakiwa kubandua kioo kabla ya kukata ukuta. Nilimwambia aliyeibandika amelala chumba cha pili, nikitegemea ataona haya, kumbe nimemfungulia njia, alisimama na patasi yake mkononi akanitangulia, akaingia, akasema shikamoo kwa sauti ya mtu anayedai haki.

"Mama, pale uliweka nini? Tangu asubuhi nagonga, patasi yangu imekufa, itazame."

Dada alimuuliza, "Na chini kumedondoka nini?"

"Kidondoke nini? Vumbi la lipu la pembeni tu. Kioo kinapasuka palepale na hakitoki! Wewe mama umenitia hasara."

"Hakitoki kabisa?"

"Mama, mimi ningekuwa nimekibandua ningekuja kulalamika?"

Dada aliichukua patasi ile, akapapasa ncha yake iliyopinda, kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu kabla ya jogoo, akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, na mwashi, aliyekuwa hajui amesema nini cha maana, naye akaanza kucheka kwa kuambukizwa tu. Msimamizi wa ujenzi aliamua mlango upanuliwe upande wa pili, usio na kioo, na soksi imebaki pale na ufa wake mmoja. Ijumaa iliyofuata dada alilala mapema, akakoroma, shemeji alikuja Jumamosi na kiganja chake kama kawaida, naye akamwambia, "Weka mkono wako hapa, mume wangu, leo sihitaji kuonyeshwa," akaushika mpaka jioni.

Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Agosti 2024, asubuhi, mume wake na binti yake wakiwa kando yake, bila maumivu makubwa na bila kuuliza habari za ukuta, ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, na ndoo zake zilizopangwa kwa rangi, ambazo binti yake ameomba zisiguswe na mtu mwenye mafuta mikononi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka mitano bila kumchoka, wala kuchoshwa na maswali yake, muuguzi mkuu mstaafu aliyekataa kuondoka kizingitini, majirani waliotupikia, waliotuwekea maturubai na waliolala nasi, wenzake wa benchi la kukagua chupa, mafundi wa gereji waliomtunzia madirisha yaliyovunjika, na kwa namna ya pekee tunamshukuru mwashi, ambaye amekuja na yuko pale nyuma, tumemnunulia patasi mpya na amekataa kuipokea, anasema ile iliyopinda ndiyo atakayoiweka.

Leo ni Jumamosi. Kabla ya kuja hapa shemeji aliomba gari lisimame hospitali, akanawa, akaingia koridoni peke yake, akakawia kidogo, na aliporudi alisogea kwenye jeneza, akafungua kiganja juu yake, nasi sote tuliokuwa karibu tukakiona.

Kilikuwa kitupu, dada. Pumzika kwa amani, hakuna kilichodondoka.